Somo la 8: Wanaodai Kiti cha Enzi

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Waamuzi 8:22–9:21, 2 Samweli 9, 16:1-4, 19:24-30, 1 Wafalme 1, 2:13-25, 2 Wafalme 25:27-30, Yeremia 28, 29:1-7, Ezekieli 21:25-27, Yohana 6:15, 18:33-37.

Fungu la Kukariri: Ezekieli 21:27.

Tarehe 30 Desemba 2024 mzee wa miaka 95 alifariki mjini Muscat, Oman. Jina lake lilikuwa Jamshid bin Abdullah. Alikikalia kiti cha usultani wa Zanzibar kuanzia tarehe 1 Julai 1963 hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, muda usiotimia hata miezi saba. Alikimbia kwa meli yake. Mombasa hakuruhusiwa kushuka. Akapitia Dar es Salaam, kisha akaenda Uingereza na kuishi katika mji wa Portsmouth kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 2020 ndipo alipokubaliwa kuhamia Oman, nchi ya mababu zake. Alitawala kwa miezi, akawa sultani wa zamani kwa miaka 60.

Afrika Mashariki imewaona wengi wa namna hii: wafalme walioondolewa, watoto wao wanaodai kurudishiwa kiti, na ndugu wawili wanaogombea kiti kimoja. Biblia nayo inao wengi. Adoniya, Abimeleki, Mefiboshethi, Yehoyakini: kila mmoja alikuwa na dai, la kweli au la uongo, na kila mmoja alilishika dai hilo kwa namna yake. Juma hili tutauliza ni nani aliye na haki ya kiti, na mtu afanye nini na haki yake wakati kiti hakipo tena.

Msomaji wa Hirbadaw anaweza kudhani kwamba hili ni somo la watu wa pwani na wa Uganda, kwa kuwa Wairaqw na Wadatooga hawakuwa na mfalme. Asubiri Jumatatu.

JUMAPILI
Karamu ya En-rogeli

Soma 1 Wafalme 1:5-10, 32-53. Adoniya alifanya mambo gani ili aonekane tayari ni mfalme? Ni akina nani ambao hakuwaalika?

Adoniya hakuwa mwizi aliyetoka mbali. Wakubwa wake, Amnoni na Absalomu, walikwisha kufa, na watu wengi walimtazamia yeye (1 Wafalme 2:15). Alikuwa na sura nzuri. Alikuwa na Yoabu, mkuu wa jeshi, na Abiathari kuhani. Alijipatia magari na watu hamsini wa kupiga mbio mbele yake. Fungu la 6 linaongeza jambo ambalo wazazi darasani wasilipite haraka: baba yake hakuwahi kumuuliza hata siku moja kwa nini anafanya hivi au vile.

Alichokosa ni neno la Mungu, naye alilijua hilo, maana orodha ya wageni wake inaonyesha. Aliwaalika ndugu zake wote isipokuwa Sulemani. Hakumwalika nabii Nathani. Mtu asiyemwalika nabii kwenye karamu yake anajua nabii angesema nini.

Historia ya Zanzibar ina siku zinazofanana sana na hizi. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alikufa ghafula. Siku hiyo hiyo binamu yake, Khalid bin Barghash, aliingia katika jumba la kifalme na kujitangaza sultani. Ilikuwa mara ya pili kujaribu. Mwaka 1893 pia alijaribu akazuiwa. Khalid alikuwa mwana wa sultani, na wengi mjini walimpenda. Lakini Zanzibar ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na Waingereza walimtaka Hamoud bin Mohammed. Walimpa Khalid muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Muda ulipopita, meli za kivita zilianza kupiga mizinga. Kabla ya saa nne kila kitu kilikuwa kimekwisha, na watu wapatao 500 wa upande wa jumba walikuwa wameuawa au kujeruhiwa. Vitabu vingi huviita vita vifupi kuliko vyote vilivyoandikwa.

Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, kama Adoniya alivyokimbilia madhabahu na kuzishika pembe zake. Wajerumani walimvusha hadi Dar es Salaam. Waingereza walimkamata mwaka 1916, wakampeleka uhamishoni Shelisheli na kisiwa cha Saint Helena. Baadaye aliruhusiwa kurudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Hapa mwalimu wa darasa awe mwangalifu. Meli za Waingereza si nabii Nathani, na mzinga haumpi mtu haki ya kutawala. Hamoud hakuwa Sulemani. Hadithi hizi mbili zinafanana katika jambo moja: kuwahi kuingia jumbani hakumfanyi mtu kuwa mfalme, na wanaolipa gharama ya haraka hiyo mara nyingi ni watu wadogo waliosimama mlangoni. Wageni wa Adoniya angalau walipata nafasi ya kuinuka mezani na kwenda zao (fungu la 49).

Sulemani alimwacha Adoniya aende nyumbani kwake kwa sharti moja, kwamba aonekane kuwa mtu mwema (fungu la 52). Soma sasa 1 Wafalme 2:13-25. Adoniya alipewa uhai, nyumba na amani. Bado moyoni alikuwa amekaa katika kile kiti. Alipoomba apewe Abishagi, aliyekuwa amemtunza Daudi, ombi lilionekana dogo kwa Bathsheba. Sulemani aliona dai la ufalme likirudi kwa mlango wa nyuma.

Je, kuna jambo ambalo Mungu au kanisa limekwisha kuliamua, nawe unaendelea kuliomba kwa jina lingine?

JUMATATU
Miti Iliyotafuta Mfalme

Soma Waamuzi 8:22-23, 29-31. Gideoni alijibu nini alipotakiwa kutawala? Maisha yake ya baadaye yalikubaliana na jibu hilo?

Wairaqw waliongozwa na wazee wa baraza na wajuzi wa mambo ya mvua na mipaka. Wadatooga vivyo hivyo walikuwa na wazee wa koo na mikutano yao. Utawala wa kikoloni ulipofika ulihitaji mtu mmoja wa kukusanya kodi na wa kuulizwa mambo yanapoharibika, kwa hiyo machifu wakawekwa hata mahali ambapo hapakuwa na kiti cha namna hiyo. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika huru ilifuta madaraka ya uchifu nchini kote. Mwalimu Nyerere, aliyeongoza serikali hiyo, alikuwa yeye mwenyewe mtoto wa chifu: baba yake, Burito, alikuwa chifu wa Wazanaki hadi alipofariki mwaka 1942.

Walioondolewa hawakulipokea jambo hili kwa namna moja. Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Wahehe alikuwa Spika wa Bunge, akaendelea kuwatumikia wananchi katika kiti hicho kwa miaka mingi. Huko Kilimanjaro kiti kilikuwa kimeondoka mapema zaidi: Wachaga walimchagua Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwaka 1951, na mwaka 1960 wakapiga kura wakataka kiongozi wa kuchaguliwa kwa muda. Waliompandisha ndio waliomshusha.

Basi je, watu wasio na mfalme hawana shida ya viti? Gideoni alikataa ufalme kwa maneno mazuri, akisema Bwana ndiye atakayetawala. Kisha akakusanya dhahabu, akaoa wake wengi kama wafalme wa mataifa, na mwanawe mmoja akamwita Abimeleki, jina ambalo maana yake ni “baba yangu ni mfalme”. Mtoto alilisikia jina hilo kila alipoitwa kula. Si ajabu alipokua alikwenda kuchukua alichodhani ni chake.

Soma Waamuzi 9:1-15. Katika mfano wa Yothamu, kwa nini mzeituni, mtini na mzabibu vilikataa? Kila mmoja ulikuwa na kazi: mafuta, matunda, divai. Mti wa miiba haukuwa na kazi, ukakubali mara moja, tena ukawaalika wengine wapumzike katika kivuli chake. Mkulima wa Hanang anajua kivuli cha mti wa miiba kikoje saa sita mchana.

Ni kazi gani ambayo Mungu amekupa, ambayo ungeiacha kama ungepewa cheo unachokitamani?

JUMANNE
Mtoto wa Nyumba Iliyoanguka

Soma 2 Samweli 4:4 na 9:1-13. Kwa nini Mefiboshethi alikuwa na sababu ya kuogopa alipoitwa na Daudi?

Mefiboshethi alikuwa na umri wa miaka mitano habari za kifo cha Sauli na Yonathani zilipofika. Yaya alimbeba kukimbia, mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Tangu siku hiyo alibeba mambo mawili ambayo hakuyachagua: ulemavu, na damu ya mfalme. La pili lilikuwa la hatari zaidi. Katika nchi za wakati ule mfalme mpya aliwaua wazao wa yule wa zamani. Athalia alijaribu kuwafuta hata wajukuu wake mwenyewe (2 Wafalme 11:1). Kijana huyu alikaa Lo-debari, katika nyumba ya mtu mwingine, mbali na macho ya watu.

Daudi alimwita, akamrudishia mashamba yote ya Sauli, akamweka mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Hakumrudishia kiti. Mefiboshethi aliinama akakubali.

Sasa soma 2 Samweli 16:1-4. Absalomu ameasi, Daudi anakimbia, na Siba mtumishi anakuja na punda wamebeba mikate. Anasema bwana wake amebaki Yerusalemu akitumaini kwamba Israeli watamrudishia ufalme wa babu yake. Ni shitaka rahisi kuaminika. Mtoto wa nyumba ya kifalme, kwa macho ya watu, daima anangoja. Akinyamaza, anapanga, akisema, anadai. Watoto na wajukuu wa watawala walioondolewa wameishi chini ya mashaka hayo katika nchi nyingi, hata wale wasiotaka ila kulima na kusomesha watoto wao. Daudi naye aliamini bila kuuliza upande wa pili, akatoa hukumu akiwa njiani, mwenye uchungu na mwenye njaa.

Soma 2 Samweli 19:24-30. Ni nini kilichoonyesha moyo wa Mefiboshethi kabla hajafungua kinywa?

Hakuwa ameosha miguu, hakukata ndevu wala kufua nguo tangu siku mfalme alipoondoka. Mtu anayengoja kuvikwa taji hujiweka tayari kuonekana. Daudi alipoona hivyo hakuomba radhi. Aligawa shamba nusu kwa nusu, hukumu ambayo ni vigumu kuitetea, maana mmoja wa wale wawili alikuwa mwongo. Na hapo mlemavu wa Lo-debari alitoa jibu ambalo Adoniya hakuweza kamwe kulitoa: Siba na atwae vyote, maadamu mfalme amerudi kwa amani.

Alikuwa na haki ya lile shamba. Alikuwa amesingiziwa. Hukumu haikuwa ya haki, naye alijua. Kwa Mefiboshethi kurudi kwa mfalme kulikuwa na thamani kuliko kusafishwa jina lake.

JUMATANO
Mfalme Asiye na Nchi

Soma 2 Wafalme 24:8-15 na 25:27-30. Yehoyakini alitawala muda gani, na alikaa gerezani miaka mingapi?

Miezi mitatu ya kutawala, miaka 37 ya kifungo. Alipokuwa Babeli, ami yake Sedekia aliketi katika kiti huko Yerusalemu. Kwa hiyo Yuda ilikuwa na wafalme wawili walio hai, na watu waligawanyika. Ezekieli, akiwa kati ya mateka, alihesabu miaka kwa kuhamishwa kwa Yehoyakini (Ezekieli 1:2).

Penye mfalme aliye uhamishoni hakukosi mtu wa kutabiri kurudi kwake. Soma Yeremia 28:1-17. Hanania alitangaza kwamba katika miaka miwili Bwana angemrudisha mfalme pamoja na vyombo vya hekalu. Watu walipenda kusikia hivyo. Nani asingependa? Yeremia mwenyewe alisema Amina, Bwana na afanye hivyo, kisha akawaonya. Miaka miwili ilipita, mfalme hakurudi. Hanania hakumaliza hata mwaka.

Linganisha barua ya Yeremia kwa mateka (Yeremia 29:1-7). Aliwaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, na wautakie amani mji ule ule uliowateka. Tumaini la uongo liliwafundisha kukaa na mizigo imefungwa. Neno la Bwana liliwafundisha kupanda miti ambayo wangekula matunda yake ugenini.

Uganda imeonja pande zote mbili za jambo hili. Mei 1966 jeshi lilishambulia jumba la Kabaka Mutesa II huko Mengo. Alitoroka, akafia London mwaka 1969, na katiba ya mwaka 1967 ikafuta falme zote. Mwaka 1993 serikali ilirudisha viti vya jadi, na mwanawe, Ronald Mutebi, akatawazwa tarehe 31 Julai mwaka huo. Alirudishiwa kiti bila serikali: katiba ya 1995 inawakataza viongozi wa jadi kuingia katika siasa za vyama. Ankole haikupata hata hicho. John Barigye alitawazwa Novemba 1993, serikali ikakataa kumtambua, naye akafa mwaka 2011 bila kutambuliwa. Wapo wananchi wengi wa Ankole wenyewe waliopinga, kwa sababu kiti kile kiliwakumbusha siku ambazo Wahima walikuwa juu na Wairu chini. Anayedai kiti hukumbuka utukufu wake. Aliyekuwa chini hukumbuka mambo mengine.

Yuko pia Charles Mumbere wa Rwenzururu. Kwa miaka mingi alikuwa Marekani akifanya kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa katika nyumba za kutunzia wazee. Mwaka 2009 serikali ya Uganda ilimtambua, akarudi kutawazwa. Novemba 2016 vikosi vya serikali vilishambulia jumba lake mjini Kasese, na watu zaidi ya 100 wakauawa.

Yehoyakini alitolewa gerezani, akavuliwa mavazi ya kifungo, akapewa kiti juu ya viti vya wafalme wengine waliokuwa Babeli. Kilikuwa kiti cha heshima, nacho kilikuwa katika nyumba ya mtu mwingine. Vibao vya udongo vilivyochimbuliwa Babeli vimetaja jina lake na wanawe watano katika orodha ya waliopewa mgao wa mafuta. Mrithi wa Daudi akipimiwa mafuta kwa kibaba! Mjukuu wake Zerubabeli aliporudi Yerusalemu alirudi kama liwali wa Uajemi. Hakuvaa taji. Alijenga hekalu, na neno la Bwana kwake liko katika Hagai 2:20-23.

ALHAMISI
Aliyekataa Kuvikwa Taji

Soma Ezekieli 21:25-27. Mungu aliagiza nini kuhusu kilemba na taji, na kwa muda gani?

Mungu hasemi taji limekwisha. Anasema litapinduliwa na kupinduliwa tena, mpaka aje mwenye haki nalo. Kuanzia Sedekia kiti cha Daudi kilikuwa kitupu kwa karne nyingi. Katika Mathayo 1 majina yanaendelea: Yekonia, Shealtieli, Zerubabeli, halafu watu ambao historia haiwajui, mpaka kwa Yusufu, seremala wa Nazareti. Herode aliyekikalia kiti wakati huo alikuwa Mwedomi aliyewekwa na Rumi, na aliposikia kuna mtoto aliyezaliwa mfalme alifanya alichofanya Athalia.

Soma Yohana 6:15. Kwa nini mwenye haki aliwakimbia waliotaka kumtawaza?

Alikuwa na kila kitu ambacho wadai wengine walikitafuta: ukoo, umati, na nguvu ya kuwalisha watu. Katika nyika Shetani alikwisha kumwonyesha milki zote za ulimwengu kwa bei ya kusujudu mara moja (Mathayo 4:8-10). Huyo ndiye mdai wa kwanza kabisa, aliyetaka kiti juu ya nyota za Mungu (Isaya 14:12-14), na pambano kuu lote linatokana na dai hilo. Mbele ya Pilato Yesu hakukana kwamba yeye ni mfalme (Yohana 18:33-37). Alikataa kupiganiwa. Khalid alikuwa na watu wa kumpigania, Adoniya alikuwa na hamsini wa kukimbia mbele; huyu alimwambia Petro arudishe upanga alani, akaponya sikio la mtumwa aliyekuja kumkamata.

Danieli 7:13, 14 inaonyesha atakapopewa ufalme, naye atapewa na Mzee wa Siku. Hatauchukua kabla ya wakati.

Soma Luka 22:24-27 na 3 Yohana 9, 10. Mashindano ya nani aliye mkubwa yalitokea usiku gani, na mezani pa nani?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Soma tena 1 Wafalme 2:13-25 na 2 Samweli 19:24-30, moja baada ya nyingine bila kusimama. Ikiwezekana darasa limpe mtu mmoja kusoma maneno ya Adoniya na mwingine ya Mefiboshethi, kwa sauti.

Maswali ya Kujadili:

1. Chukulia kanisa la kijijini ambako mzee wa kanisa ametumika miaka 18. Alitoa kiwanja cha kanisa, alichoma matofali kwa mikono yake. Mwaka huu kamati ya mapendekezo haikurudisha jina lake. Kura ilipigwa kwa utaratibu. Tangu siku hiyo funguo za ofisi ziko nyumbani kwake, na familia tatu zinakutana sebuleni pake Sabato mchana. Mzee mpya anaogopa kumtembelea. Nani aende kwake kwanza, na aanze na neno gani? Je, kanisa nalo lina deni kwake?

2. Daudi alimhukumu Mefiboshethi kwa maneno ya Siba peke yake. Ni katika mambo gani kanisa lenu husikia upande mmoja, hasa linapomzungumzia kiongozi aliyeondoka?

3. Daudi hakumuuliza Adoniya kwa nini anafanya alivyofanya. Gideoni alimpa mwanawe jina lenye dai ndani yake. Wazazi wa Hirbadaw huwaambia watoto wao nini kuhusu ukoo wao, mashamba ya babu, na makabila ya majirani? Mtoto akiyasikia hayo kila siku, atakwenda kudai nini atakapokuwa mtu mzima?

4. Mateka walipanda bustani Babeli huku wakiamini watarudi. Anayemngoja Kristo apande nini mwaka huu, na apande wapi?